Dripu za Mama na Kondoo wa Piyaya

Hospitali ya kwanza niliipa nyota nne na nusu. Nusu niliikata kwa sababu ya samaki. Pale mapokezi palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa rangi, na mmoja wao alikuwa anaelea tumbo juu, nami nikaona kwamba mahali wanapokuja wagonjwa si vizuri samaki kufa hadharani. Mengine yote yalinikosha. Viti vilikuwa na mito, dada wa mapokezi alisimama alipotuona, chooni kulinukia maua. Kaka yangu, ambaye ni dereva wa watalii, alisifu maegesho. Alisema pale unageuza landikruza bila kurudi nyuma hata kidogo. Tukatazamana, tukaafikiana: mama atatibiwa hapa.

Msitucheke sana. Karatu ndivyo tulivyo. Nusu ya mji inaishi kwa kupokea wageni wanaokwenda kreta kutazama wanyama, na nusu nyingine inalima mboga za kuwalisha. Mimi nipo mapokezi ya lodge tangu nilipomaliza chuo. Namjua mgeni mkorofi kabla hajashuka garini, najua taulo ya baridi inavyoweza kumfanya mtu mzima asahau vumbi la siku nzima. Ukimwambia mtu wa namna hiyo achague hospitali, ataangalia nini kama si mapokezi? Kizuri chajiuza, nilimwambia kaka, naye akatikisa kichwa kama mzee wa kanisa.

Na haraka tulikuwa nayo. Mama yangu ni Mwiraqw wa kwenye miteremko ya juu ya mji, mjane, mkulima wa mahindi, maharage na mbaazi, mwanamke ambaye ng'ombe wake wanamwogopa kuliko fisi. Alikaa na uvimbe kwenye titi msimu mzima wa mavuno bila kutuambia. Aliniambia siku tunachambua maharage, bila kuinua macho, kwamba kuna kitu pale kama punje ya mbaazi. Nikapeleka mkono. Mbaazi gani hiyo? Lilikuwa yai la kuku. Nilicheka kwa woga, yeye akacheka kwa kuniona nacheka, na maharage yakamwagika yote chini. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na bado nikawa nacheka. Hiyo ndiyo hulka ya nyumba yetu, msiba ukibisha hodi tunaanza kufanya fujo.

Ndugu wakaitwa. Kikao kilikuwa kirefu, chai ikachemshwa upya na upya. Mjomba mmoja alitaka hospitali ya misheni kwa sababu alizaliwa karibu nayo. Mwingine alisema twende hospitali kubwa ya rufaa ya kanda, na watu wakamzomea kwa upole, kwamba kule ni foleni na wodi iliyojaa, mama yetu si mtu wa kulazwa kwenye soko. Mama alipofungua mdomo akaambiwa mgonjwa haulizwi uji. Kaka alikuwa amelima vitunguu Mang'ola mwaka ule na lori lilikuwa limeondoka na bei nzuri, kwa hiyo alizungumza kama mtu mwenye vitunguu. Tukachagua hospitali binafsi ya mjini, ile yenye tangi la samaki.

Niseme haki yao. Kisu chao kilikuwa kizuri. Walimpasua mama ndani ya wiki, kidonda kikakauka vizuri, na daktari aliyempasua alikuwa kijana mwenye maneno ya adabu ambaye hakutuficha kitu. Alitukalisha chini akasema ni saratani, wameitoa, lakini kazi haijaisha. Sasa zinafuata dripu za dawa ya kuua mabaki yake. "Akimaliza zote, bila kuruka, nina matumaini makubwa naye," alisema. "Akikatiza katikati, itarudi, na ikirudi hatutaiwahi." Mama alimsikiliza kwa makini, kisha akamuuliza kama ameoa.

Basi tukaanza dripu, na hapo ndipo nyota zangu zilipoanza kudondoka.

Mama alipewa chumba cha peke yake. Mimi ndiye niliyekiomba, kama ninavyowaombea wageni wangu chumba chenye mandhari. Kulikuwa na televisheni ukutani ikionyesha tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, kulikuwa na pazia la rangi ya krimu, na mgeni aliruhusiwa mmoja tu, kwa saa moja. Mama hajalala chumba cha peke yake tangu azaliwe. Alizaliwa kwenye nyumba yenye bibi, shangazi na ndama, akaolewa, akatuzaa sisi, na baba alipofariki wajukuu walihamia kitandani kabla shuka halijapoa. Nilipoingia baada ya dripu ya kwanza nilimkuta amekaa wima akiitazama televisheni kwa hasira.

"Huyu mwanamke ana sumu kwenye chai," aliniambia, akimwonyesha Mturuki mmoja. "Nimemwambia yule mumewe asinywe. Hasikii."

"Mama, ni televisheni."

"Najua ni televisheni. Na mimi nitaongea na nani?"

Baada ya dripu ya pili alisikia bei. Hatukumwambia sisi. Aliinasa mwenyewe kutoka kwa dada wa mapokezi, yule mwenye adabu, kwa kumsifia nywele. Aliporudi nyumbani aliingia zizini, akasimama akiwaangalia ng'ombe wake mmoja mmoja, kisha akaja jikoni akatangaza kwamba amemaliza matibabu. Dripu moja ya pale, pamoja na chumba na Waturuki, ilikuwa inakula ng'ombe mzima na kumaliza kwato. Akaongeza kwamba chumba cha peke yake kwa kawaida hulazwa maiti, na yeye bado. Akachukua jembe.

Kaka alipiga hesabu ya vitunguu, akaona havitatosha hata tukiuza na maganda. Lakini nilijua kilichomshinda mama si bei peke yake. Hata tungempatia bure asingerudi kwenye pazia la krimu. Nikaenda kwa yule daktari kijana kumlaumu, maana mimi nikiishiwa nguvu huwa nalaumu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema dawa ile pale huagizwa kwa mgonjwa mmoja mmoja, na bingwa wa saratani huja kwa ndege mara moja moja na nauli yake iko ndani ya bei. Kule rufaa mabingwa wapo kila siku, dawa zinanunuliwa kwa wingi. "Hapa mnalipia kitanda, dada," aliniambia. "Kwa ugonjwa huu ningekuwa na mama yangu, ningempeleka kule leo." Akatuandikia rufaa mwenyewe, bila kununa. Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia kwa sababu ya kazi yake.

Kumrudisha mama garini ilibidi kaka amwambie tunakwenda kumsalimia binamu. Alipoona tumepita kwa binamu bila kusimama alitutukana kwa Kiiraqw mpaka tukafika.

Hospitali ya rufaa niliipa nusu nyota. Mapokezi palikuwa dirisha lenye nondo na nyuma yake mtu aliyesema "Subiri" bila kuinua uso. Nilisubiri nikiwa na machozi, nikiangalia mabenchi yaliyojaa watu waliobeba thermosi na vitenge. Kaka alitafuta maegesho karibu mpaka jioni. Lakini asubuhi yake mama aliingizwa chumba ambamo walikuwamo madaktari kadhaa kwa pamoja, wa kisu, wa dripu, wa mionzi, wakibishana juu yake kama wanunuzi mnadani, na waliponyamaza walikuwa wamekubaliana. Wakabadilisha kipimo cha dawa kwa sababu ya figo zake. Hakuna aliyewahi kuzitaja figo zake kabla ya hapo. Nikaanza kuelewa polepole, maana mimi ni mgumu. Lodge unalipia kulala, hospitali unalipia kuamka.

Bei ilikuwa ya kuvumilika, na ingeweza kuwa ndogo zaidi kama si kiburi cha mama. Kulikuwa na ofisa wa ustawi wa jamii anayepunguzia wasio na uwezo. Alimuuliza mama kama ana mifugo. Mwingine angeguna tu. Mama alivuta kiti karibu akamweleza habari za ng'ombe wake wote, yupi anatoa maziwa mengi, yupi alishinda fahali wa jirani, mpaka yule ofisa akafunga faili. Tukalipa kila kitu.

Aliyefuata kwenye kile kiti alikuwa mwanamke wa Kimaasai, wa rika la mama, mrefu, kichwa kimenyolewa kiking'aa, shanga mpaka kwenye viwiko. Alitoka Piyaya, ng'ambo ya kreta, tambarare kule kwa wafugaji. Naye akaulizwa ana ng'ombe wangapi.

"Ng'ombe hahesabiwi," alisema.

"Lakini unao?"

"Ng'ombe ni ya Mungu."

Ofisa akampunguzia karibu yote. Mama alikuwa bado mlangoni akikunja risiti, na aliona kila kitu. Alinigeukia na macho ya mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Ndipo wakalazwa vitanda vya jirani. Wodi ilikuwa ndefu na vitanda vilisogeleana kiasi kwamba wagonjwa wangeweza kupeana chumvi bila kuinuka. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji mama. Nilipofika saa ya kuona wagonjwa nilikuta wodi nzima imekaa ikisikiliza, maana hawa wawili walikuwa wanapigana vita vya mababu.

Wasomaji wa mbali niwaambie kidogo. Zamani Wamaasai walikuwa wanakuja kuchukua ng'ombe wetu, kwa imani kwamba Mungu aliwapa wao ng'ombe wote wa duniani. Babu zetu wakachimba nyumba ndani ya vilima, paa likawa sawa na ardhi, majani yakaota juu, na ng'ombe wakalazwa humo ndani.

"Ninyi ndiyo mlikuwa mnakaa chini kama panya?" aliuliza yule mama wa Piyaya.

"Ndiyo sisi," alisema mama. "Na ninyi mlikuwa mnapita juu ya paa letu mkiuliza ng'ombe wameenda wapi."

"Tulikuwa tunasikia."

"Mlisikia nini?"

"Ng'ombe wetu wakilia huko chini."

Mgonjwa wa kitanda cha tatu alicheka mpaka nesi akaja kuangalia sindano yake. Mama naye alikuwa anacheka, mkono mmoja umeshikilia kovu, na sikuwa nimemsikia akicheka namna ile tangu yale maharage. Nikaenda nje nikacheka peke yangu ukutani. Mlinzi aliniuliza kama nimepewa habari mbaya.

Nywele za mama zikaanza kutoka. Alikuwa na nywele nzuri, anazisuka mwenyewe, na asubuhi zilipobaki kwenye mto alilia kwa sauti. Yule jirani yake alimtazama kwa mshangao wa kweli, akamwita mama kwa Kimaa.

"Unalia nini, yeyo? Sisi tunanyoa kwa wembe. Wewe umenyolewa na serikali."

Akavua ushanga mmoja wa kichwani, akamvalisha mama kwenye upara, akaegemea nyuma kumwangalia. "Sasa umekuwa mtu," alisema. Mama aliomba kioo. Alijigeuza huku na huku, machozi hayajakauka, akasema Wairaqw wakimwona watachimba tena.

Lakini dripu si mchezo, na kicheko hakikuondoa kichefuchefu. Zilipofika katikati mama akaanza kuchanika mdomo, akawa hawezi kumeza hata uji, na siku moja alilaza kichwa akasema kwa sauti ndogo kabisa kwamba amefika mwisho. Alisema anataka kurudi kwenye mbaazi zake. Hakuwa anatania. Nilipiga magoti. Kaka alibembeleza kwa simu akiwa njiani na wageni, mpaka wageni wenyewe wakasema pole kwa mbali. Nilimkumbusha maneno ya daktari, kwamba akikatiza itarudi. "Irudi," alisema. "Mimi nimechoka, mwanangu." Nilikuwa nimemaliza maneno yote ninayoyajua, ya mapokezi na ya kanisani.

Mama wa Piyaya alikuwa amelala akitazama dari. Akasema, kama mtu anayeongea habari za mvua:

"Nimekupa kondoo."

Mama alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Jike. Ana mimba. Kwetu mtu akikupa kondoo, jina lako kwake limeisha, na lake kwako limeisha. Kondoo tunaita enker. Kwa hiyo mimi nitakuita Paker, na wewe utaniita Paker. Mpaka kufa. Nimeshakupa, yuko bomani kwangu anakula. Lakini simleti. Utamfuata mwenyewe, kwa miguu yako, siku umemaliza dripu ya mwisho. Mtu amekufa hafuati kondoo."

Nilidhani mama amelala. Kisha nikasikia kutoka kwenye ule mto, kupitia midomo iliyochanika:

"Mwekundu au mweupe?"

"Mwekundu. Mkia mpana hivi."

"Meno yake?"

"Mazima yote."

"Ndiyo mimba ya kwanza?"

"Ya pili. Ya kwanza alizaa mapacha."

Nilibana mdomo kwa kanga nisilie wala kucheka, sijui lipi lilikuwa linakuja. Mama alifikiri. Mwiraqw hanunui mnyama bila kufikiri, hata akipewa. Nesi alipokuja na kisahani chake cha sindano, mama alinyoosha mkono mwenyewe, akageuza uso upande wa pili na kusema, "Paker, niambie habari za hao mapacha."

Tangu siku ile hawakuitana kingine, na mpaka leo hawaitani kingine. Wodi nzima iliwafuata. Nesi akisema "Paker, dawa," wanaitikia wote wawili, na kila mmoja anaonyesha kidole kwa mwenzake. Mama alikuwa amemtangulia kuanza dripu, kwa hiyo kila hatua alipita yeye kwanza na kurudi kumweleza mwenzake njia ilivyo, wapi kuna utelezi. Siku za kutoka nyumbani kwenda kwenye dripu nilikuwa namkuta amekwishafunga kanga na kukaa mlangoni, yule yule tuliyemdanganya habari za binamu.

Na akamaliza. Daktari bingwa, mama mmoja mwenye miwani mnyororoni, alitazama picha na vipimo, akavua miwani, akasema kwa sasa haoni kitu. Arudi kwa uchunguzi, lakini haoni kitu. Mama aliuliza, "Kwa hiyo niende?" Daktari akasema nenda. Sikumbuki tulivyotoka mle ndani. Nakumbuka kaka akiwa ameegesha mahali pabaya kuliko mahali pote pa dunia, kati ya gari la wagonjwa na muuza machungwa, akipiga honi kama bwana harusi. Tulipofika Mto wa Mbu mama alitusimamisha akanunua mkungu mzima wa ndizi nyekundu, akawa anawagawia watu asiowajua dirishani, na tulipopanda kuelekea Karatu sote watatu tulikuwa tunaimba nyimbo za kwaya kwa maneno tuliyoyatunga. Nilikuwa nimelewa bila kunywa kitu. Nikaiongezea ile hospitali nyota zote nilizoinyima, na moja juu.

Simu ya Paker ilikuwa haipatikani. Piyaya mtandao ni wa kupanda kilima, kwa hiyo hatukushtuka. Mama alisema atampelekea habari mwenyewe, si alisema kwa miguu yake? Mvua zilipoisha na wageni wakawa wachache, kaka akaazima landikruza ya tajiri wake. Langoni askari alituuliza tunakwenda kufanya nini hifadhini.

"Kuchukua kondoo," alisema mama kwenye kiti cha mbele, kichwa chenye nywele fupi mpya kimeinuliwa. Askari alimwangalia kaka. Kaka akaangalia usukani.

Tukapanda msitu, tukazunguka ukingo wa kreta kwenye ukungu, tukashuka tambarare. Kaka kwa mazoea alikuwa anasimama kila akiona mnyama na kuanza kueleza mimba yake ni miezi mingapi. Mama alivumilia twiga, akavumilia nyati, lakini kwa simba uvumilivu ulimwishia. "Nimemwona. Ana mkia. Twende kwa Paker." Kwenye tambarare vumbi likatugeuza rangi moja, paa la gari tumelifungua, mama amesimama kitini kama Mzungu, ameshika chuma, kanga inapepea. Nilitaka barabara ile isiishe.

Bomani tulipokelewa kwa kelele. Paker alitoka kwenye nyumba yake akaja mbio, wakashikana, wakatukanana kwa Kiswahili, Kimaa na Kiiraqw, akampapasa mama kichwani akasema ameharibika tena, nywele zimerudi. Tukapewa maziwa kwenye kibuyu. Nilimtazama nikaona shanga za mkononi zimeshuka, zimelegea kwenye mfupa, lakini furaha ilikuwa nyingi na nikalipita jambo hilo. Kondoo akaletwa, mwekundu kweli, mkia mpana kweli, na mwanawe nyuma. Mama akamfungua mdomo kukagua meno. Watu wa boma walishikana mabega kwa kicheko.

Mama akiwa bado ameshika lile taya akauliza, "Na dripu yako ya mwisho lini? Nije nikupikie."

Paker akajifuta mdomo. "Mimi niliacha."

"Uliacha nini?"

"Zilibaki chache. Nimepona, Paker, angalia. Na ni mbali, unalala njiani." Akawa anachora chini kwa kidole cha mguu. "Tena siku niliyoenda ulikuwa huko kwenu. Walimlaza mtu mwingine kitanda chako. Msichana wa mjini, ana vitu masikioni, hasikii ukimsalimia. Nikakaa na ile dripu peke yangu mpaka ikaisha. Nikasema basi."

Mama aliliachia taya la kondoo. Nilimwona akibadilika sura, akawa mwenye hasira ileile ya zizini, na nikajua yote yaliyokuwa yanapita kichwani mwake, maana yalikuwa yanapita kwangu pia. Kile chumba cha pazia la krimu. Ile "irudi". Tofauti ya kupona na kufa ilikuwa imesimama mbele yetu imevaa shanga, na ilikuwa imesababishwa na kitanda kimoja kukaliwa na mtu asiyeongea.

"Simchukui kondoo wako," alisema.

Watu wakaachiana mabega. Kwao kumkataa kondoo aliyekwishatolewa ni neno zito, hata mimi nililiona usoni mwao.

"Umenipa jina," mama akaendelea. "Hawa wananiita mama. Jirani ananiita mama fulani. Kanisani wananiita mjane. Jina hili lingine nilipewa na wewe, na mwenye haki ya kuliita ni wewe tu. Ukifa, mimi nitaitwa Paker na nani?"

Paker alimwangalia mama. Alimwangalia kondoo. Akawaangalia watu wa nyumbani kwake, ambao wote ghafla walikuwa na kazi ya kutazama upeo wa macho. Kisha akageuka akainama kwenye mlango wa nyumba yake, akakaa humo kidogo, akatoka na viatu vyake vya matairi mguuni na shuka jipya begani. Akapita mbele yangu, akafungua mlango wa mbele wa landikruza, akakaa kiti cha mama.

Kondoo akabaki, mama alikataa kumgusa mpaka dripu ziishe. Njia nzima waligombania dirisha.

Hospitalini yule wa nyuma ya nondo alisema "Subiri," nasi tukasubiri kama watu wa pale pale. Nesi wa wodini alifurahi kuwaona mpaka akasahau ukali wake. Akamlaza Paker, akamfunga mkono, akaitundika dripu. Alipogeuka akamkuta mama amevua viatu, amekaa kwenye ukingo wa kitanda kana kwamba anasubiri zamu yake.

"Mama, wewe si umemaliza?" alimwambia kwa upole. "Wewe huna dripu leo."

"Ninayo," alisema mama. "Iko kwenye mkono wa huyu."

Nesi akaenda kumtafutia kiti.